Kanuni inachoma masikio kwenye spika mpya, tatizo ni nini hasa? (na albamu gani mnapimia?)

Mwana_Fuoni

Asalaam aleikum jamaa zangu. Mie si mtu wa mitambo, ni mtu wa kuskiza tu. Juzijuzi nlinunua ile seti ya spika ndefu mbili na sabwufa yenye mataa ya rangirangi, dukani wakanambia hii ndo inayopiga, na kweli inapiga, ukiweka singeli mtaa mzima unajua umefunga mashine. Lakini mie usiku nikishaswali Isha nnachotaka ni taarab ya zamani, klabu za Ikhwan Safaa na Culture, Bi Kidude, na mara mojamoja Umm Kulthum, na hapo ndo nnapochoka, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, inatoka kama mtu anavunja gilasi jikoni, fidla zinapiga kelele mpaka napunguza sauti, mwimbaji mwenyewe yuko mbali huko, halafu kuna mvumo mmoja wa besi ule ule kila wimbo hata ule usio na besi.

Nyimbo ziko kwenye simu, nyengine nimetoa YouTube, nyengine nimetumiwa WhatsApp na jamaa wa Muscat. Naunga kwa blututhi. Chumba ni kipya, tailizi chini, jipsam juu, madirisha ya aluminiam, na sofa moja tu maana bado najenga mdogomdogo. Nna laki sita nimeitenga. Ninunue spika nyengine, amplifaya ya Japani zile za kontena, au nikae na hedifoni tu? Na nyie mnaojua, mkitaka kujua spika nzuri au mbaya mnaweka albamu gani?

Besi_Mpaka_Asubuhi

Yakhe shusha trebo basi, mbona rahisi 😂 kanuni ya mwaka arubaini na saba unaitegemea itoke vipi, weka kitu cha kisasa uone hiyo seti inavyofanya kazi, mie nnayo hiyo hiyo na watu wanalipia harusini

FundiNyaya

Waalaykum salaam Mwana_Fuoni. Laki sita yako iweke hapohapo ulipoiweka, usiende madukani Mlandege leo wala kesho. Kabla ya spika kuna mambo mawili yanakuua, faili na chumba. Mie ntasema la faili, la chumba wapo wanaolijua kunshinda.

MP3 inafanya hivi, inaukata wimbo vipandevipande vidogo sana halafu kila kipande inatupa ile sauti inayodhani sikio halitoiskia. Kwa sauti inayokwenda polepole kama nai (ile filimbi ya tete) au mtu kuimba, hujui kama kuna kitu kimetupwa. Lakini kanuni ni chombo kinachoanza ghafla, unyuzi ukiguswa tu sauti ishafika juu, na hapo MP3 ya kiwango cha chini hukorogeka, yale makosa yake yanamwagika ndani ya kipande chote, mpaka kabla ya mpigo wenyewe. Yaani kuna mchirizo unatangulia unyuzi kabla haujaguswa. Ndo huo unaouskia unachoma. Wataalamu wa mambo haya walikuwa wakijaribu MP3 kwa zile kastaneti za Kihispania, vibao vya kugonganisha mkononi, kwa sababu hiyohiyo, sisi tungewapa kanuni tu wangeshika vichwa.

Sasa wewe wimbo umetoka kwenye kanda, mtu akaubana kuwa MP3, akaupandisha YouTube, YouTube nao wakaubana upya kwa njia yao, wewe ukautoa tena kwa programu ya bure ukawa MP3 mara ya pili, kisha blututhi ikaubana tena njiani kwenda kwenye spika. Zile za WhatsApp ndo usiseme, nyingi mtu kaweka simu mbele ya redio akatuma kama voisi. Hakuna spika duniani ya kurudisha kilichokwishatupwa. Ila spika kali itakuonesha vizuri zaidi kwamba kimetupwa!

Fanya jaribio la bure. Tafuta mtu mwenye CD halisi ya taarab, CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, haijabanwa kitu, unga kwa waya sio blututhi, cheza kwenye hiyohiyo seti yako. Kama kanuni bado inachoma, rudi hapa tuzungumze chumba.

Binti_Fidla

Mimi napiga fidla kwa hiyo nakuomba usinisemee chombo changu vibaya 😄 lakini nna suala kwako kaka angu Mwana_Fuoni, umewahi kukaa karibu na kanuni ikipigwa bila maikrofoni? Sio ukumbini na yale mabomba ya spika, la, chumbani, watu wanafanya mazoezi. Nauliza kwa wema tu, kwa sababu wengi wetu tunaijua kanuni kupitia spika za harusi na redio za daladala, tukaamini ndo sauti yake. Kanuni ya kweli ni chombo cha sauti ndogo! Ina utamu wa chini ambao hauendi mbali, na unaskia kwanza ile kucha ya pete ya kidoleni ikigusa halafu ndo nyuzi tatu tatu zinaitika pamoja, na zikiwa hazijalingana sawasawa kuna kutetemeka kidogo ndani yake, kule kutetemeka ndo kunafanya watu watikise vichwa. Ukishaiskia hivyo mara moja, utakuwa na kipimo kichwani na hakuna muuza duka atakayekudanganya tena. Pita klabu zetu za mjini jioni za mazoezi, ukiomba kwa adabu unakaribishwa, au nenda penye wanafunzi wa chuo cha muziki cha DCMA wakiwa na onesho.

Fidla nayo hivyohivyo, karibu na sikio ina ukali wake, hiyo sio kasoro. Kasoro ni pale fidla nne zinapokuwa kama moja kubwa yenye homa.

Albamu zangu za kupimia: ya kwanza ni ile Zanzibara namba 1 ya Ikhwan Safaa, imetolewa Ufaransa na Buda Musique mwaka 2005, klabu ikitimiza miaka 100 maana walianza 1905. Nnachokiskiza pale ni kama spika inaniwekea waitikiaji nyuma ya mwimbaji au inawabandika wote ukutani. Ya pili Spices of Zanzibar ya Culture Musical Club, 1996, hii kwa ajili ya akodiani na fidla pamoja, spika mbaya huzichanganya hujui ipi ni ipi. Na moja ya nje, Escalay ya Hamza El Din, Mnubi yule, ya 1971. Udi na sauti na tari, kipande kimoja peke yake kinachukua upande mzima wa santuri. Haina mambo mengi na ndo maana ni ngumu, spika yako kama inavuma utajua ndani ya dakika moja kwa sababu hakuna kelele ya kuficha.

Besi_Mpaka_Asubuhi

Albamu za kulala hizo dada

Mie napimia Queen maana yule Freddie ni mtoto wa Unguja bwana, kazaliwa hapahapa 1946, tumpe haki yake

Limani_Wete

@Besi na hiyo Queen yenyewe ukiiskiza kwenye hilo sabwufa lako hujui walioimba ni watu wangapi. Zile sauti zao za kuitikia wamezipandisha juu ya nyengine mara nyingi kwenye tepu, ni kazi ya kuskiza kwa utulivu ile, sio ya kutikisia mabati.

Sasa mie nasema la hedifoni maana ndo maisha yangu. Huku Pemba nyumba yetu ina watu, watoto, wageni hawaishi, nani atakuachia sebule ukae na spika zako mbili umefumba macho kama mgonjwa? Hedifoni inakuondolea tatizo la chumba moja kwa moja. Tailizi, jipsam, yote hayahusu. Kwa laki sita yako unapata hedifoni ya waya ya maana na chenji ikabaki. Mie nnayo Sony MDR-7506, wameanza kuitengeneza 1991 na mpaka leo iko kwenye studio kila pahala, ina ukali kidogo juu lakini inakwambia ukweli. Jamaa yangu anayo Sennheiser HD 600, hiyo ni ya tangu 1997, kanuni ndani yake ni kitu chengine kabisa, tamu, ila ukinzani wake ni omu 300, simu inaisukuma kwa taabu, na iko wazi mgongoni kwa hiyo anaskia feni, anaskia kuku, na mkewe anaskia Umm Kulthum. Kama simu yako haina tundu la waya nunua kile kijiwaya cha Apple cha USB-C, bei ndogo na kazi yake safi, usidanganywe na vidude vya laki tatu kwanza.

Kuna jambo moja tu hawakwambii kwenye video za wazungu. Joto. Hii ya kufunika masikio ikifika Kaskazi, Januari Februari hivi, nusu saa tu masikio yamelowa, na zile ngozi za plastiki zinachanika na kuacha unga mweusi kwenye mashavu. Nunua za akiba za kitambaa mapema.

FundiNyaya

Limani hapo kwa unga mweusi umenchekesha lakini ni kweli tupu. Na spika vilevile! Mwana_Fuoni ukija kununua spika za kontena angalia ule ukingo unaoshika koni, kama ni wa sponji bonyeza polepole kwa kidole, unyevu wetu huu unaula, ukibonyeza unamumunyuka. Kama ni wa mpira una maisha marefu. Koni ikishaachia ukingo hapo unanunua sanduku la mbao. Hubadilishwa, mie nabadilisha, lakini bei ipunguzwe kwanza.

Na hizo amplifaya za Japani, mashallah nzuri sana, nzito, lakini geuza nyuma usome. Ikiandikwa 100V ina maana ni ya kwao, sisi hapa ni 230, ukichomeka moja kwa moja unapata moshi. Lazma transfoma ya kushusha umeme na iwe kubwa ya kutosha, sio ile ndogo ya mashine ya kunyolea. Na kama ina redio ndani usiihesabu, FM ya Kijapani ilikuwa inaanzia megahezi 76 inaishia 90, yetu inakwenda mpaka 108, stesheni zetu nyingi huzipati. Ule mwaka wa kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa umeme wa baharini ulipokuwa umekatika, vitu vya watu viliungua sana kwa majenereta yanayopanda na kushuka, basi mpaka leo nikiona amplifaya ya zamani Unguja nauliza kwanza wakati ule ilikuwa wapi.

Mstaafu_wa_Mawimbi

Assalaam aleikum vijana. Nimesoma yote, mazungumzo mazuri. Nimefanya kazi ya mitambo ya sauti maisha yangu yote kwa hiyo mniruhusu nirefushe.

Mwanangu wa Fuoni, ule mvumo mmoja ule ule kila wimbo si spika, ni chumba chako. Sauti inakwenda mita mia tatu arubaini na kitu kwa sekunde. Chumba chenye upana wa mita tatu, zidisha mara mbili inakuwa sita, gawa mwendo ule wa sauti kwa sita, unapata kama hezi 57. Hiyo ndiyo noti ambayo chumba chako kinaipenda, sabwufa ikiigusa tu kuta mbili zinarushiana hazitaki kunyamaza. Na nina hakika sabwufa umeiweka pembeni kwenye kona kwa sababu kila mtu huiweka hapo, na kona ndipo mvumo unapokuwa mkubwa kuliko pote. Itoe. Au izime kabisa kwa taarab, dabali besi ya klabu haihitaji sabwufa.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe nazo zina ugonjwa huohuo, vyumba vyake virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mkoko, boriti haiendi zaidi ya mita tatu na kidogo basi na chumba kinaishia hapo. Lakini zile kuta za mawe na chokaa haziko sawasawa, zina madaka, dari ina boriti zimejipanga, sauti ikigonga inatawanyika. Yako ni tailizi na jipsam na kioo, kila kitu bapa, sauti inarudi nzima usoni pako. Hapo ndipo ukali wa kanuni unapozidi. Unaskia kanuni mara moja kutoka kwenye spika na mara nyengine nyingi kutoka ukutani.

Mkeka hausaidii sana, wembamba wake unachukua juu kabisa tu. Tia zulia nene mbele ya spika, mapazia mazito madirishani, na kama kuna godoro la sufi la zamani nyumbani kwa bibi, lisimamishe nyuma yako ulipokaa. Sufi ni dawa. Kisha vuta spika mbali na ukuta, hata nusu mita, twita (ile spika ndogo ya sauti za juu) iwe usawa wa sikio, na wewe na spika mbili muwe pembe tatu zilizo sawa. Haya yote hayajakugharimu laki moja.

Kuhusu kupimia, mimi sitii muziki kwanza. Mrikodi mtu wa nyumbani kwako akizungumza, mama au mke, kwa simu ukiwa nje uwanjani pasipo ukuta, kisha cheza. Sikio lako linaijua sauti ile kuliko albamu yoyote. Akitoka na mafua au anazungumza kutoka kifuani kupita kiasi, spika inaongopa.

Na tena tusidai kila kitu kiwe safi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa na kampuni ya HMV, sahani zile za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu na kitu, wimbo ambao kwenye hadhara ungekwenda mpaka watu watosheke ukakatwa ukaenea. Juu ya kilohezi tano sita humo hamna kitu ila mkwaruzo. Sahani hizo skizeni kwa spika moja, sauti ya kadiri, kwa sababu zilirikodiwa kwa maikrofoni moja na hakuna kulia wala kushoto. Wengi wananunua mitambo ya mamilioni wanaskiza mkwaruzo. Mimi Umm Kulthum na Enta Omri yake ya 1964 naiskiza kwenye redio ndogo, saa nzima inakwenda na sioni kilichopungua, ingawa najua kimepungua.

Na wewe Besi, mwanangu, sauti ya desibeli 85 mwisho wake kwa sikio ni saa nane kwa siku, kila zikizidi tatu gawa saa kwa mbili. Mia moja ni robo saa. Harusi zenu zinapita hapo kabla biharusi hajatoka ndani.

Besi_Mpaka_Asubuhi

Shkamoo mzee. Nimeskia, ntanunua vile vya kuziba masikio wallahi. Lakini kusema sabwufa izimwe 💔

Binti_Fidla

Mzee marahaba... yaani shkamoo 😂 nimesoma mara mbili. Nakubali yote ila hapo kwa redio ndogo sikubali, mzee. Kwenye Enta Omri mtunzi wake Abdel Wahab katia gitaa la umeme, na ile besi chini yake redio ndogo haiitoi, na wimbo unapoteza miguu. Mtu akiujua kwa moyo anajijazia mwenyewe kichwani, wewe unajijazia kwa sababu uliuskia zamani vizuri. Kijana anayeanza leo atajijazia nini?

Mstaafu_wa_Mawimbi

Umenishika hapo.

Mwana_Fuoni

Nimerudi wakuu. CD nimeazima kwa mtu wa kazini, ndo hiyohiyo ya Ikhwan Safaa aliyoitaja Binti_Fidla. Nmezima sabwufa, nmetia zulia nene la kwa bi mkubwa (nimeomba), spika nmezivuta, godoro la sufi limesimama nyuma yangu mke wangu anauliza tunahama? Sasa mwimbaji yuko katikati, kasogea mbele, waitikiaji kweli wako nyuma yake. Kanuni haichomi, bado ina makali kidogo lakini naweza kumaliza CD nzima. Hizo za WhatsApp nmerudia kuzicheza hapohapo baada ya CD na nimeona aibu kwa niaba yao.

Kwa hiyo hedifoni ya Limani ntanunua kwa sababu usiku watoto wanalala, hiyo nshaamua. Lakini limezuka jengine. Marehemu ami yangu kaacha sanduku la kanda, taarab za harusini na za redio, nyengine kaandika tarehe nyengine hakuandika, na deki yake ipo lakini ikicheza inakwenda haraka kidogo, waimbaji wote wamekuwa watoto. Jamaa kansaidia kurikodi moja kwenye laptopu ikatoka kali, ina mshindo wa sssss juu. Nifanye nini nisiziharibu?

Besi_Mpaka_Asubuhi

Sabwufa kama huitaki mie niko Magomeni, nakuja na vespa saa hii

FundiNyaya

Subiri, usicheze hata moja tena kwanza.

Kwenda haraka kwa deki kuna vitu viwili, kama mota yake ina kiskrubu cha mwendo kimehama, au roda ya mpira inayobana tepu imeshakuwa ngumu na imejaa uchafu. Vitazamwe na fundi mwenye tepu ya kupimia, zile zenye mlio wa hezi 3,000 au 3,150, sio kwa kukisia, maana ukikisia utageuza sauti za watu. Mpira wa ndani pia ubadilishwe, baada ya miaka hiyo yote ushalegea.

Ule ukali na sssss, tazama kasha la kanda kama kumeandikwa Dolby, ule mfumo wa kupunguza mkwaruzo wa kanda, au kuna tiki kwenye kisanduku cha NR. Zikirikodiwa na Dolby B na wewe ukacheza bila kuiwasha, juu yote inakuwa imezidi. Ukiiwasha inakaa sawa. Lakini kanda isiyorikodiwa na Dolby ukiiwashia inakuwa kama imefunikwa blanketi, kwa hiyo ami yako kama hakuandika jaribu zote mbili na uskize fidla ndo iamue.

Halafu hedi, kile kichwa kinachosoma tepu. Isafishe kwa spiriti na pamba, ikauke. Karibu na hedi kuna skrubu ndogo ya kuilaza na kuisimamisha, kanda iliyorikodiwa kwenye deki ya mtu mwengine hedi yake ilikaa pembe nyengine, ndo maana juu hupotea. Weka sauti iwe mono, geuza ile skrubu kidogokidogo mno mpaka rika (ile tari ndogo ya njuga) iskike kali kuliko yote, hapo ndo pahala pake kwa kanda ile. Ufanye kila kanda upya.

Kabla ya kucheza, ipeleke kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe, maana zilizokaa sana zinagandana. Rikodi kwa WAV, yaani faili isiyobanwa, biti 24 na kilohezi 48, acha nafasi juu sauti isigonge nyekundu, na usipitishe programu ya kusafisha kelele kwenye asili, hiyo fanya kwenye nakala. Andika jina la faili na tarehe ilokuwa kwenye kasha vile vile alivyoandika mwenyewe. Nakala moja iwe kwa mtu mwengine, sio zote chumbani kwako.

Zikiwemo zenye ukungu mweupe kwenye tepu, hizo zitenge mbali na nyengine na usizitie kwenye deki, zilete nizione kwanza.